Moja ya kumi: namba ndogo yenye historia ndefu

Hapa chuo wiki hii ni kazi za kukusanya juu ya kazi za kukusanya, na jamaa wanaosoma programu wanalalamika hosteli nzima ati JavaScript haijui hesabu. Ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Mtoto wa shule ya msingi anajua jibu ni 0.3! Basi mimi mtu wa historia nikaona niandike kidogo, maana hiki kitu kina historia yake, na kwenye historia hiyo kuna watu waliokufa.

JavaScript ilitungwa Mei 1995 na Brendan Eich, kwenye kampuni ya Netscape huko Marekani. Toleo la kwanza alilimaliza kwa siku kumi hivi. Akaipa lugha yake aina moja tu ya namba, ile ya biti 64 inayofuata kiwango kiitwacho IEEE 754. Kwa hiyo ile 4 ya mwisho haikuanzia kwake, aliikuta.

Kabla ya kiwango hicho kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na mtindo wake wa kukadiria namba. Hesabu ile ile, mashine mbili, majibu mawili. Profesa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alishirikiana na Intel kwenye chipu ya 8087 iliyotoka 1980, na kazi hiyo ikazaa IEEE 754 mwaka 1985. Mwaka 1989 akapewa Tuzo ya Turing. Kanuni ya kawaida ni hii: jibu lisipoenea, chukua namba iliyo karibu zaidi. Likiwa katikati kabisa, chagua ile inayoishia na tarakimu shufwa, ili makosa yasiegemee upande mmoja siku zote.

Lakini kuna jambo ambalo hata Kahan hakuweza kuliondoa. Sisi tunahesabu kwa kumi, kompyuta inahesabu kwa 0 na 1 tu. Jaribu kuandika theluthi kwa desimali: 0.333... haiishi. Sasa moja ya kumi nayo, ukiiandika kwa 0 na 1, haiishi. Lazima mkia ukatwe mahali fulani. Kinachokatwa ni kidogo mno, ila wahenga walishasema, haba na haba hujaza kibaba.

Waulize watu wa soko la hisa la Vancouver, Kanada. Mwaka 1982 walianzisha fahirisi yao ikiwa na pointi 1000. Kila hisa zikiuzwa, kompyuta ilipiga hesabu upya, ikabakiza tarakimu tatu za desimali na kutupa zilizobaki bila kukadiria. Yaani kosa lilikuwa linashuka tu, maelfu ya mara kwa siku. Kufikia Novemba 1983 fahirisi ilisoma 524 hivi. Walipoirekebisha ikaruka hadi 1098. Zaidi ya nusu ya thamani ilikuwa imeyeyuka kwenye karatasi, na hakuna aliyeiba.

Hizo zilikuwa pointi tu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot ulikuwa unalinda kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudia. Saa yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile moja ya kumi ilikuwa imekatwa ili ienee kwenye biti 24. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi mfululizo. Kosa likafika sekunde 0.34. Kombora la Scud kutoka Iraki hukimbia zaidi ya nusu kilomita kwa muda huo, kwa hiyo Patriot ikalitafuta mahali ambapo halipo. Wanajeshi 28 walikufa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Sasa turudi kwenye skripti zetu. Mwaka 1999 JavaScript iliongezewa toFixed ya kukadiria, watu wakadhani yameisha. Jaribu 1.005 kwa desimali mbili: inakupa 1.00, siyo 1.01, kwa sababu ndani ya kompyuta namba hiyo imehifadhiwa ikiwa chini kidogo ya 1.005. Kukadiria kunapendezesha kinachoonekana tu, mkia uliokatwa mwanzoni haurudi.

Ndiyo maana ukiandika skripti ya pesa, hesabu kwa senti nzima nzima, bila desimali, maana namba nzima zinakaa sawasawa hadi 9,007,199,254,740,991. Kama ni lazima kukadiria, kadiria mara moja, mwishoni, unapomwonyesha mtu jibu. Vancouver walikata kila hatua, na mmeona yaliyowapata.

Haya, narudi kwenye kazi zangu. Mwenye swali au ubishi aseme, nitajibu. Tuonane wiki ijayo!