Karanga Zilizokatazwa, Karanga Zilizorudishwa

Mwaka 1998 Wizara ya Afya ya Uingereza iliwashauri wazazi wenye historia ya pumu, ukurutu au mzio katika familia wajihadhari na karanga: mama azikwepe akiwa mjamzito na anaponyonyesha, na mtoto asionje hata moja mpaka atimize miaka 3. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walikwenda mbali zaidi. Kwa mtoto aliye katika hatari ya kupata mzio, walisema, maziwa ya ng'ombe yasubiri mpaka mwaka 1, mayai mpaka miaka 2, na karanga, korosho, lozi na samaki mpaka miaka 3. Ulipofika mwaka 2017, Marekani hiyohiyo ilitoa mwongozo uliopindua karibu yote hayo. Mtoto mwenye ukurutu mkali, yule aliyekuwa akifichwa karanga kuliko wote, ndiye aliyetakiwa azionje mapema kuliko wote, hata akiwa na miezi 4 hadi 6, mradi amepimwa kwanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kutabasamu. Uingereza hiyo iliyoogopa karanga mwaka 1998 ndiyo iliyofyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kuanzia mwaka 1947, ikitaka karanga za Tanganyika ziiokoe na uhaba wa mafuta ya kula. Mpango ule uliteketeza mamilioni ya pauni kabla ya kuvunjwa mwaka 1951. Safari hii, hata hivyo, kosa halikuwa la matrekta na udongo mkavu. Lilikuwa la kugeuza dhana kuwa ushauri kabla haijapimwa, na waliolipa gharama yake walikuwa watoto.

Kwamba chakula kinachomfaa mmoja humdhuru mwingine, watu wamelijua tangu zamani. Maandishi ya kitabibu ya Wagiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanataja jibini: wapo wanaoila wakashiba bila taabu, na wapo inayowatesa. Ila hakuna aliyeweza kueleza kwa nini, na kwa karne nyingi mtu wa namna hiyo alichukuliwa kuwa mwenye tumbo la ajabu, basi.

Ufunguo ulipatikana baharini. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika jahazi la kifahari la Albert I, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya kiumbe wa baharini anayefanana na yavuyavu. Waliporudi Paris waliendelea na sumu ya anemoni wa baharini, wakiwadunga mbwa kiasi kidogo kwa matumaini kwamba miili yao ingejifunza kuistahimili, kama inavyokuwa katika chanjo. Mbwa mmoja, Neptune, alipata dozi ya kwanza bila shida ya maana. Wiki tatu hivi baadaye, akiwa mzima wa afya, alidungwa kiasi kilekile. Alianza kuhema papo hapo, akaanguka, akaharisha, akatapika damu, na ndani ya dakika 25 akafa. Dozi ya kwanza haikumkinga. Ilimwandaa kudhurika. Richet aliuita mshtuko huo anafilaksia, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel.

Wakati huohuo mjini Vienna, daktari wa watoto Clemens von Pirquet na mwenzake Béla Schick walikuwa wodini na wagonjwa wadogo waliotibiwa kwa seramu ya farasi. Waliona kwamba mtoto anayedungwa mara ya pili huvimba na kupata vipele haraka kuliko mara ya kwanza. Von Pirquet akahitimisha kwamba kinga ileile inayomlinda mtoto inaweza pia kumwumiza, na mwaka 1906 akalipa jambo hilo jina la aleji. Ni vyema kukumbuka kwamba elimu ya mzio ilizaliwa katika wodi ya watoto, kwa madaktari walioandika kwa makini nini alipewa mtoto, lini, na nini kilifuata.

Kutoka seramu hadi sahani ya chakula haikuwa mbali. Mwaka 1908 jarida la Lancet la London lilichapisha taarifa ya daktari Alfred Schofield kuhusu mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akivimba, kutoka mabaka na kubanwa na kifua kila alipogusana na yai. Schofield alimpa vidonge vyenye yai bichi kwa kiasi kidogo mno, akaongeza polepole, mwezi baada ya mwezi, hadi mvulana akaweza kula yai kama wenzake. Miaka minne baadaye, New York, Oscar Schloss alimpokea mtoto aliyedhurika kwa mayai, lozi na oti. Alimchanja ngozi kidogo, akapaka chakula kimojakimoja juu ya mikwaruzo, na akatazama ni wapi ngozi ingeumuka. Kipimo cha ngozi kinachotumika hospitalini leo kinatoka katika ukoo huo.

Lililobaki lilikuwa kujua ni kitu gani hasa kilichomo mwilini mwa mtu mwenye mzio. Mwaka 1921 Heinz Küstner, daktari Mjerumani asiyeweza kula samaki aliyepikwa, alitoa damu yake. Mwenzake Carl Prausnitz, aliyekula samaki bila wasiwasi, akajidunga seramu ya damu hiyo chini ya ngozi, na kesho yake akadunga maji ya samaki mahali palepale. Pakaumuka na kuwasha. Mzio wa Küstner ulikuwa umehamia katika ngozi ya Prausnitz, maana yake ulibebwa na kitu kilichomo katika damu. Kitu hicho kilikuja kutambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na makundi mawili, Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Uppsala: kingamwili iitwayo IgE.

IgE ikaanza kupimwa katika damu, lakini kipimo hicho kilileta mtego wake. Kuwa na IgE dhidi ya yai si sawa na kudhurika kwa yai. Kabla ya kipimo hicho, tangu miaka ya 1920, Albert Rowe wa California alikuwa amewazoesha madaktari kuondoa vyakula kwenye mlo na kuvirudisha kimoja baada ya kingine, njia iliyosaidia wengi. Iliposhikwa na watu wasio na subira, ilizaa watoto walionyimwa maziwa, mayai, ngano na samaki kwa pamoja kwa sababu ya shaka tu. Mwaka 1976 Charles May, naye wa Denver, aliweka utaratibu mkali: mtoto apewe chakula kinachoshukiwa kikiwa kimefichwa, na siku nyingine apewe kisicho nacho, bila mtoto, mzazi wala daktari anayemtazama kujua kipi ni kipi. Shutuma nyingi za wazazi, na za madaktari pia, hazikusimama mbele ya jaribio hilo. Mpaka leo, kumlisha mtoto chakula kinachoshukiwa hospitalini, kidogokidogo, dawa zikiwa tayari, ndiko kunakomaliza ubishi.

Dawa yenyewe ni ya umri uleule. Adrenalini ilitengwa na Jokichi Takamine mwaka 1901, mwaka wa safari ya Richet. Ndiyo inayofungua njia ya hewa na kupandisha shinikizo la damu linaloporomoka. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha sindano ya kujidunga pajani, iliyotokana na kifaa walichopewa wanajeshi kwa ajili ya gesi ya sumu. Katika sehemu nyingi za Afrika sindano hiyo haipatikani kwa urahisi, lakini adrenalini ya kichupa, iliyo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hufanya kazi ileile mikononi mwa mhudumu wa afya.

Kwa nini basi, pamoja na elimu yote hiyo, wataalamu wakateleza mwaka 1998? Hoja yao ilionekana ya busara. Mzio wa karanga ulikuwa ukiongezeka Ulaya na Marekani, utumbo wa mtoto mchanga bado haujakomaa, kwa hiyo tusubiri. Hakuna aliyekuwa ameipima hoja hiyo kwa watoto halisi. Wazazi walitii, na mzio haukupungua.

Shaka ilitoka Israel. Gideon Lack, daktari wa mzio wa London, alipowauliza madaktari wenzake wa huko ni nani aliyepata mgonjwa wa mzio wa karanga, mikono michache tu iliinuliwa. London ingeinuliwa karibu yote. Tofauti moja ilijitokeza wazi: watoto wa Israel hutafuna Bamba, vitafunio laini vya mahindi vilivyochanganywa na karanga, tangu wakiwa na miezi michache. Lack na wenzake wakalinganisha watoto wa Kiyahudi wa nchi hizo mbili, na mwaka 2008 wakatoa matokeo: mzio wa karanga ulikuwa asilimia 1.85 Uingereza na asilimia 0.17 Israel, yaani Uingereza ilikuwa mara kumi hivi ya Israel. Mwaka huohuo madaktari wa Marekani waliondoa ushauri wao wa kusubiri, na Uingereza ikafuata mwaka 2009.

Wakati huo jaribio lililopaswa kutangulia lilikuwa likiendelea. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na ukurutu mkali, mzio wa yai au vyote viwili, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikula vyakula laini vya karanga angalau mara tatu kwa wiki, jingine likazikwepa kabisa. Walipofika miaka 5, mzio wa karanga uliwapata asilimia 17.2 ya waliozikwepa na asilimia 3.2 ya waliozila. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na ndiyo msingi wa mwongozo wa 2017.

Maelezo ya kwa nini iwe hivyo yanaanzia kwenye ngozi. Tangu mwaka 2003 Lack alikuwa ameonyesha kwamba watoto wa Uingereza waliopakwa mafuta yenye karanga kwenye ngozi iliyochubuka walipata mzio zaidi. Chembe za chakula zikiingia kupitia ngozi yenye ukurutu, kinga huziona adui. Zikipitia mdomoni na tumboni mapema, kinga hujifunza kuzivumilia. Kwa hiyo kumnyima mtoto karanga mdomoni huku vumbi lake limo nyumbani kulikuwa kumfungia mlango mmoja na kumwachia ule wa hatari wazi.

Afrika ina somo lake katika historia hii. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima watoto wa miaka 1 hadi 3 kwa kuwalisha chakula chenyewe. Mjini Cape Town asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula, yai likiongoza. Vijijini, katika Jimbo la Eastern Cape, ilikuwa asilimia 0.5. Mzio wa chakula basi upo barani, na mijini unaonekana zaidi. Nchini Ghana, uchunguzi wa watoto wa shule wapatao 1,600 ulikuta damu ya asilimia 17.5 ikionyesha IgE ya karanga, ilhali ngozi ya asilimia 2 tu iliitikia. Watafiti waliona huenda kichocho kilichochea kingamwili hizo zisizo na madhara. Mzazi wa Mwanza au Kisumu akipewa karatasi ya kipimo cha damu yenye orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, ana sababu nzuri ya kuuliza: mtoto alikula nini, na kilimfanya nini?

Swali hilo ndilo la kwanza katika kutambua mzio. Mzio wa haraka hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi: vipele vya kuwasha, midomo au kope kuvimba, kutapika ghafla, kukohoa mfululizo. Mtoto anayehema kwa mlio, sauti ikikauka, au anayelegea na kupauka, yuko katika hatari ya kufa. Huyo anahitaji adrenalini pajani na hospitali mara moja, akiwa amelazwa, au ameketi ikiwa anahema kwa shida, na si kusimamishwa. Dawa ya vidonge ya kutuliza muwasho haiwezi kuchukua nafasi yake. Kuharisha baada ya maziwa kwa mtu mzima mara nyingi ni jambo jingine, upungufu wa uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa, wala si mzio. Na mtoto aliyethibitika kudhurika na maziwa ya ng'ombe asihamishiwe ya mbuzi, kwa maana protini zake zinakaribiana sana.

Wengi huachwa na mzio wa maziwa na mayai wanapokua, na kwa karanga ni karibu mmoja kati ya watano. Ndiyo maana chakula kilichokatazwa kinapaswa kupimwa upya na daktari baada ya muda, kisibaki marufuku ya maisha.

Kwa mtoto asiye na dalili yoyote, uji wa lishe wenye karanga zilizosagwa na yai lililoiva vizuri unaweza kuanza pamoja na vyakula vingine anapofika miezi 6, kitu kipya kimoja kwa wakati, mchana, akiwa mzima. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, maana humkaba. Mwenye ukurutu mkali au aliyekwisha kudhurika na yai aonwe na daktari kwanza. Mzazi anayeshuku lolote aandike alichokula mtoto, kiasi, saa na dalili, apige picha ya vipele, kisha apeleke kumbukumbu hiyo kliniki kabla ya kuondoa vyakula katika sahani ya mtoto kwa kukisia, isipokuwa kile kilicholeta dalili za haraka.