Hisani Badala ya Haki: Kesi Mbili katika Judge Priest ya John Ford

Mwanzoni mwa filamu ya Judge Priest (1934), mtu mweusi anasinzia mahakamani. Anaitwa Jeff Poindexter, ameshtakiwa kwa wizi wa kuku, na Seneta Maydew, mwendesha mashtaka, anamlaani kwa hotuba ndefu huku jaji akijisomea gazeti. Jeff anapoamshwa, jaji hajishughulishi sana na kuku. Maongezi yanahamia kwenye samaki: wanapatikana wapi na wanapenda chambo gani. Picha inayofuata inawaonyesha wawili hao wakielekea mtoni kuvua. Kesi imekwisha, na hatujasikia utetezi wala hukumu.

Kwa miaka mingi lawama za filamu hii zimemwangukia mwigizaji wa Jeff, Lincoln Perry, aliyejulikana zaidi kwa jina la jukwaani la Stepin Fetchit. Maneno ya kukokota, macho mazito, mwendo wa mtu aliyechoshwa na kuzaliwa: hayo ndiyo yaliyompa umaarufu na ndiyo yaliyomharibia jina. Katika istilahi za uhakiki wetu, Jeff ni mhusika bapa, tena bapa kupindukia. Wahakiki waliosema hivyo hawakukosea. Hata hivyo, naona wamemkazia macho mtu asiyekuwa na uamuzi wowote katika mji ule. Ubaguzi wa Judge Priest umekaa pazuri zaidi kuliko hapo, ndani ya wema wa jaji mwenyewe, na kwa sababu ni wema wa kweli, mtazamaji anaupokea bila kuukagua.

Filamu ilitengenezwa na kampuni ya Fox, ikaongozwa na John Ford na kuandikwa na Dudley Nichols na Lamar Trotti kutokana na hadithi za Irvin S. Cobb, mzaliwa wa Paducah, Kentucky. Tuko mwaka 1890, katika mji mdogo wa jimbo hilo. Jaji Billy Priest aliwahi kupigana katika jeshi la Kusini, upande uliojitenga na Muungano na kupigana na Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Sasa ni mjane, mtani wa kila mtu, asiyejali sana vifungu vya sheria. Anayemwigiza ni Will Rogers, mchekeshaji aliyependwa mno na Wamarekani wa wakati huo, mwenyewe akiwa na asili ya Wacherokee. Ucheshi wake haukuwa mbali na mambo tunayoyajadili hapa. Januari ya mwaka huohuo alitamka redioni, tena zaidi ya mara moja, neno la matusi wanaloitwa watu weusi, na malalamiko yao yakafuata.

Kesi ya pili ndiyo uti wa mgongo wa hadithi. Bob Gillis, mzungu mkimya asiye na rafiki, anashtakiwa kwa kumjeruhi mtu katika ugomvi ulioanzia kwenye maneno ya kumvunjia heshima binti aitwaye Ellie May. Hapa mahakama inaamka. Kuna wakili wa utetezi, mpwa wa jaji, kijana aliyetoka tu kusoma sheria. Kuna baraza la waamuzi na mashahidi wanaohojiwa. Maydew anapodai kwamba jaji ana upendeleo, Priest anaachia kiti kwa uchungu na kurudi ukumbini kama mtetezi. Kisha Mchungaji Ashby Brand anapanda kizimbani na kusimulia kwamba Gillis alikuwa mfungwa wa minyororo aliyetolewa gerezani ili aipiganie Kusini, na kwamba alipigana kishujaa. Chini ya dirisha, kwa mpango wa jaji mwenyewe, Jeff na wanamuziki weusi wanapiga wimbo wa Dixie, wimbo wa Kusini. Ukumbi unalipuka kwa vifijo, na Gillis anatoka huru.

Tuziweke kesi hizi mbili pamoja. Mzungu anapewa utaratibu, ushahidi, historia ya maisha yake na hadhara ya kuisikiliza. Mweusi anapewa safari ya kuvua samaki. Wote wawili wameachiliwa, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mtazamaji huhesabu matokeo na kusahau njia. Gillis ameondoka na jina lake likiwa limesafishwa mbele ya mji mzima, na hakuna atakayemrudishia shtaka lile. Jeff ameondoka na fadhila. Fadhila hutegemea hali ya moyo wa mtoaji, na anayeishi kwa fadhila analazimika kuendelea kupendeza, kuchekesha, na kupiga ngoma dirishani anapoagizwa. Hata sauti yake haimilikiwi naye peke yake. Kuna mahali ambapo jaji anajificha gizani na kuiga sauti ya Jeff, akijibizana na nafsi yake kwa sauti mbili, ili kumtisha mwanamume anayemnyemelea Ellie May. Rogers anaiga vizuri sana. Inachekesha, na jaji anatoka pale akiwa ameitumia sauti ya mtu mwingine bila ruhusa ya mwenyewe.

Utetezi wa kawaida wa filamu kama hizi ni kwamba zilifuata fikra za zama zake. Kwa Judge Priest, utetezi huo unavunjwa na filamu yenyewe. Ford alipiga picha ya tukio ambalo Jeff anakaribia kunyongwa na umati, na jaji anauzuia umati huo. Kampuni ililikata tukio zima kabla filamu haijatolewa. Lakini kipande chake kimoja kilisahaulika. Jeff na jaji wanapozungumzia nyimbo za kupigwa, Jeff anataja Marching Through Georgia, wimbo wa ushindi wa jeshi la Kaskazini. Jaji anamjibu kwa utani kwamba ameshamwokoa na kitanzi mara moja, lakini akithubutu kuupiga wimbo huo, yeye mwenyewe atajiunga na wanyongaji. Mtazamaji anabaki anajiuliza: kitanzi kipi? Lini? Tukio la kutisha limeondolewa, mzaha juu yake umebakizwa. Zama zile zilijua vizuri kinachowapata akina Jeff. Oktoba 1934, filamu ikiwa bado mpya kwenye kumbi, Claude Neal, mtu mweusi, aliuawa na umati huko Florida baada ya mauaji yake kutangazwa mapema. Kwa hiyo waliokata tukio lile hawakuwa wajinga wa mambo. Walichagua mtazamaji asisumbuliwe na kitu gani.

Uchaguzi wa namna hiyo unaonekana pia katika historia ambayo filamu inaikumbuka. Kentucky haikujitenga na Muungano. Wakentucky wengi zaidi walipigana upande wa Kaskazini kuliko wa Kusini, na kati yao walikuwamo askari weusi zaidi ya 20,000. Katika mji wa Priest hakuna hata mkongwe mmoja wa aina hiyo. Wazee wote ni wa Kusini, na filamu inamalizikia kwenye gwaride lao. Kinaya kikubwa kiko nyumbani kwa jaji. Anayeimba huku akishughulikia nguo za jaji, akipokezana naye mistari ya wimbo, ni Hattie McDaniel, aliyekuja kushinda tuzo ya Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi katika Gone with the Wind. Baba yake, Henry McDaniel, aliwahi kuwa askari wa kikosi cha weusi katika jeshi la Muungano. Binti wa mkongwe halisi wa vita hivyo yumo ndani ya filamu, amepewa kapu la nguo.

Ford hakulisahau tukio lililokatwa. Mwaka 1953 alirudi kwa Priest katika The Sun Shines Bright, safari hii Charles Winninger akiwa jaji na Fetchit akirudia kuwa Jeff, na umati ukaonekana. Jaji anasimama mlangoni mwa jela na kumwokoa kijana mweusi. Ni tukio zuri, na wanaomtetea Ford wana haki ya kulitaja. Ila tazama linakoelekea. Siku ya uchaguzi watu wa umati uleule wanakuja kumpigia jaji kura, na bango lao linamshukuru kwa kuwaokoa wao na nafsi zao. Aliyekaribia kufa amesukumwa pembeni, waliotaka kumuua ndio waliookolewa. Mwaka huohuo Ford alitoa Mogambo, aliyoipigia picha Kenya, Tanganyika na Uganda wakati hali ya hatari ilikuwa tayari imetangazwa Kenya. Humo nako Waafrika ni wapagazi na mandhari, mapenzi na maamuzi ni ya Wazungu.

Je, Hollywood ingeweza kufanya vingine? Iliweza, ingawa kwa nadra. Mwaka 1949 Clarence Brown alitengeneza Intruder in the Dust kutokana na riwaya ya William Faulkner, akapiga picha katika mji wa Oxford, Mississippi. Juano Hernandez anamwigiza Lucas Beauchamp, mkulima mweusi anayesingiziwa mauaji. Lucas hachekeshi mtu na hamnyenyekei mtu. Akiisha kuachiliwa huru anakwenda ofisini kwa wakili wake mzungu, anahesabu pesa za ujira, analipa, kisha anabaki pale akisubiri risiti. Sijui tukio jingine la filamu za zama hizo linalosema mengi zaidi kuhusu suala hili. Mwenye risiti hadaiwi shukrani. Jeff Poindexter hangeweza kuidai, kwa kuwa hakuwahi kuuziwa haki. Alipewa bure, na bure ya namna hiyo haina mwisho wa kulipwa.

Judge Priest ilipoingia kwenye kumbi za sinema, Maseneta Costigan na Wagner walikuwa wameshawasilisha muswada wa kuzipa mahakama za shirikisho mamlaka dhidi ya maofisa walioshindwa kuwalinda watu na umati. Maseneta wa Kusini waliupinga wakisema kwamba majimbo yanaweza kuyashughulikia mambo yao yenyewe. Hiyo ndiyo hoja ya filamu pia, ikiwa imevikwa sura ya kupendeza ya Will Rogers: mji una jaji mwema, sheria ya kutoka Washington ni ya nini? Mwaka 1935 maseneta hao waliuzungumzia muswada hadi ukafa. Sheria ya shirikisho inayoyatambua mauaji ya umati kuwa kosa la jinai la chuki ilitiwa saini tarehe 29 Machi 2022.