Paka wa Minamata Walitangulia Kujua
Kabla madaktari hawajashtuka, paka wa Minamata, kule Japani, walikuwa wanayumba kama wamelewa, wengine wanatumbukia baharini. Walikula samaki walewale wa wavuvi. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa watu, lakini kiwanda cha Chisso kiliendelea kumwaga zebaki hadi 1968. Miaka 12, jamani!

Mwaka 1974 ghuba ikazungushiwa wavu, samaki wasitoroke na sumu. Wakavuliwa, wakapimwa, tena na tena. Kipimo cha bahari kikawa samaki mwenyewe, maana zebaki hujikusanya mwilini: mkubwa akimla mdogo, anairithi. Wavu uliondolewa 1997. Mvuvi aliyekuwa na miaka 20 ulipowekwa, sasa alikuwa na 43.