Nyimbo Zetu na Spika Moja Ndogo

Katika yubile hii tukumbuke pia chombo kilichofikisha nyimbo za kwaya majumbani: redio ndogo yenye spika moja. Mwaka 1931, Mwingereza Alan Blumlein aliomba hati ya uvumbuzi wa sauti ya pande mbili, yaani stereo. Kaseti ya Philips ilitoka 1963. Hata hivyo, nyumba nyingi za Meru na Embu zilisikiliza Sauti ya Kenya kwa spika moja tu.

Mafundi wa studio walilijua jambo hilo. Huko Marekani, Bruce Swedien, aliyechanganya sauti za albamu ya Thriller ya 1982, alipima kazi yake pia kwa Auratone, spika ndogo ya kawaida.

Sisi wa Makutano twajua njia zikikutana lazima moja ipishe nyingine. Pande mbili za stereo zikiunganishwa, mawimbi yanayopingana hufutana. Sauti ya pili yaweza kupotea kabisa.

Basi wanakwaya, kabla ya kupokea kazi studio, ombeni muisikie kwa spika moja. Mama anayesikiliza kwa simu shambani asikose neno hata moja.