Pointi Nne za Malawi: Historia ya Msimamo wa Kundi

Tarehe 11 Januari 2010, jijini Luanda, Malawi iliichapa Algeria mabao 3-0 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Russell Mwafulirwa, Elvis Kafoteka na Davi Banda ndio waliofunga. Malawi ilikuwa haijaonja fainali hizo tangu 1984, na Algeria ilikwisha kufuzu Kombe la Dunia la mwaka huohuo.

Wiki moja baadaye Malawi ilikuwa mkiani kwa pointi 3, baada ya kufungwa 2-0 na Angola na 3-1 na Mali. Angola iliongoza kwa pointi 5. Mali na Algeria zililingana kwa pointi 4. Mali ilikuwa imefunga mabao 7 na kufungwa 6. Algeria ilikuwa na bao 1 tu, na kufungwa 3, yote na Malawi. Ingeangaliwa tofauti ya mabao, Algeria ingefunga virago. Lakini kanuni za Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) huanza na mechi ya timu zenyewe zilizolingana, na lile bao moja la Algeria ndilo lililoilaza Mali 1-0. Algeria ikasonga mbele.

Katika Kombe la Dunia la 2010, kinyume chake, tofauti ya mabao ndiyo iliyotangulia.

Timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaonyesha pointi 3 zinavyoweza kuibeba timu. Januari 2024 Kongo ilitoka sare na Zambia, Morocco na Tanzania, ikashika nafasi ya pili bila kushinda mechi ya kundi, ikafika nusu fainali. Malawi ya 2010, yenye ushindi wa 3-0, ilirudi nyumbani kwa pointi zilezile.

Vigezo vyote vikigoma, hubaki kura ya bahati. Mwaka 2015 Guinea na Mali kila moja ilitoka sare ya 1-1 katika mechi zake zote tatu za kundi. Kura iliipeleka Guinea robo fainali.

Januari 2022, nchini Cameroon, zamu ikawa ya Malawi. Ilifungwa 1-0 na Guinea, ikaishinda Zimbabwe 2-1, ikaibana Senegal 0-0. Malawi na Guinea zikawa na pointi 4 kila moja, mabao 2 ya kufunga na 2 ya kufungwa. Kipigo kile cha Guinea kikaishusha Malawi hadi nafasi ya tatu.

Safari hii nafasi ya tatu haikumaanisha kwaheri. Tangu 2019 fainali zina timu 24, na washika nafasi ya tatu wanne bora huingia 16 bora. Kwa kuwa hawakukutana, hupimwa kwa pointi, kisha tofauti ya mabao. Malawi ikapita, pamoja na Komoro yenye pointi 3.

Tarehe 25 Januari 2022, Gabadinho Mhango alipiga shuti la mbali likatinga wavuni mwa Morocco. Morocco ilishinda 2-1, lakini ilikuwa mechi ya kwanza ya Malawi katika hatua ya mtoano ya fainali hizo.