Mama Anayeitwa Mataji

Pengine unaye kijana wako aliyekwenda bara kutafuta riziki, akapanga chumba Buhongwa, kule nje ya mji wa Mwanza, katika njia iendayo Shinyanga. Kila aingiapo mjini hupita kwenye maduka ya Wahindi, akaliona hekalu lao. Siku akirudi nyumbani Tanga au Mombasa akakuuliza, "Baba, huyo Mama wanayemwomba ni nani?" utamjibu nini? Aghlabu sisi watu wa pwani hatuna jibu ila ile methali ya Baniani na kiatu chake. Tumekaa nao mlango kwa mlango karne nzima na zaidi, na hilo ndilo tulilojifunza!

Basi sikiliza. Wahindu humwita Mama huyo kwa majina mengi: Durga, Amba, Kali. Wagujarati, ambao ndio wengi katika Wahindu wa Afrika ya Mashariki, humwita Mataji, yaani Mama kwa heshima. Katika itikadi yao yeye ndiye shakti, nguvu inayotia uhai katika viumbe. Neno hilo limo katika jina la hekalu la Shiv Shakti, pale Hurumzi, Unguja. Kila mwaka, baina ya Septemba na Oktoba, humfanyia sherehe ya masiku tisa, Navaratri. Huweka katikati chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake taa inawaka, wakakizunguka kwa ngoma iitwayo garba. Asili ya jina hilo ni neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi: chungu ni tumbo la mama, na taa ni uhai uliomo ndani.

Lakini usidhani Wahindu wote ni hali moja. Jairam Shivji, yule Mbhatia wa Kutch ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Unguja tangu enzi ya Sayyid Said, alikuwa wa jamii ambayo ibada yake zaidi ni ya Krishna.

Huko Ziwani walifikaje? Reli ya kutoka Mombasa iliwasili Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zikavuka mpaka Mwanza. Mwaka 1928 ikafika Mwanza reli ya kutoka Tabora. Pamba ya Usukuma ikawavuta wachuuzi na wenye vinu. Na hapa yatupasa kusema kweli: wakulima walilalamika sana juu ya mizani za wanunuzi, hata wakaunda vyama vyao vya ushirika katika miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi hawakuwa Wahindu peke yao. Alidina Visram, aliyetapakaza maduka pande nyingi za Ziwa kabla ya kufa kwake mwaka 1916, alikuwa Ismailia. Mizani ikipunjwa, dhambi ni ya aliyeishika. Wala haijuzu kuitundika kwenye mlango wa hekalu. Majumba yalipotaifishwa mwaka 1971 wengi walihama nchi, na wengine wamebaki hata leo.

Sasa turudi walikotoka, maana huko kuna habari itakayokugusa wewe hasa. Katika pwani ya Makran, nchi ya Mabulushi, kama kilomita 250 magharibi ya Karachi, pana pango liitwalo Hinglaj. Ni katika mahali pa Mama panapoheshimiwa mno na Wahindu, na baadhi ya koo za Kutch na Sindhi humhesabu Mama wa hapo kuwa mlinzi wa ukoo wao. Hamna sanamu iliyochongwa. Lipo jiwe dogo lisilo umbo, limepakwa rangi nyekundu. Mahujaji huenda hasa mwezi wa Aprili, kwa siku nne. Na wenyeji walio karibu nao, ambao ni Waislamu, hupaita kwa Nani, yaani kwa Bibi, na wamo miongoni mwao wanaopalinda.

Wanaopalinda, nasema; hapana haja mtu asujudu pale ndipo awe jirani mwema. Tauhidi yetu haikubali mshirika, na hilo halina mjadala. Lakini Surat Al-An'am, katika aya ya 108, inatukataza kuwatukana wale wanaoombwa na wengine, na sijaona mahali ilipowatoa Mabaniani.

Na Makran si ugenini kwetu. Ndiko walikotoka askari wa Kibulushi waliokaa katika Ngome ya Mombasa chini ya Masayyid, na bandari yake ya Gwadar ilikuwa mali ya Omani mpaka mwaka 1958. Ikiwa nyumbani kwako yupo mzee wa Kibulushi, mkalie karibu umuulize. Huenda jina la Nani si geni masikioni mwake.