Kenya: Kupangiwa chuo si kupata ada

Nchini Kenya, mwanafunzi aliyehitimu kidato cha nne kwa wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE huomba nafasi ya shahada kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo. Familia nyingi hudhani kwamba barua ya kuitwa chuoni inakamilisha safari. La hasha. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, fedha huombwa kando, kwa fomu nyingine, pamoja na vitambulisho vya wazazi au, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi.

Majibu kuhusu hali ya kaya ndiyo yanayoamua ngazi ya mwombaji. Katika ngazi tano zilizotumika mwaka 2024, familia ya ngazi ya kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama za masomo, na ya tano asilimia 40. Salio lilikuwa ufadhili usiorejeshwa na mkopo wa HELB, ambao hurejeshwa. Hapo ndipo mzazi anayeishi kwa vibarua, asiye na hati ya mshahara, hupata taabu kujieleza, na msaada wa mwalimu huhitajika zaidi. Asiyeridhika na ngazi aliyopewa huruhusiwa kukata rufaa.